Mabomba ya Mnara Chini ya Turubai la Msiba

Mama wa Koleo na dada yake alifariki alfajiri, na maziko yakapangwa kesho yake asubuhi. Koleo, fundi wa redio ya mtaa, hata kulia hakupata nafasi. Mama mdogo alikuwa mbali shambani, hana simu, habari zote huzipata redioni. Asiposikia tangazo, hatamzika dada yake. Na redio siku hiyo ilikuwa bubu.

Mnara wake ni wa vipande vinavyoingiana kama vikombe, huinuliwa kwa winchi na nyaya nene za chuma. Waya mmoja ulikuwa umefumuka. Kipande cha juu kikaporomoka, kikang'oa antena, kikakwama katikati.

“Panda uufunge waya hivyohivyo,” meneja wa redio akasihi.

“Ukikatika nikiwa juu, kile kipande kitanikata mikono kama muwa,” Koleo akakataa.

Kwanza mabomba ya chuma yapitishwe kati ya vipande, uzito uyalalie, ndipo waya uguswe. Koleo akafungua stoo. Patupu!

Mlinzi akakuna kichwa. “Tuliyapeleka msibani kwenu, fundi. Turubai lilikosa nguzo.”

Koleo akashika kiuno. Msiba ungekuwa wa jirani, angecheka.

Nyumbani, alipoanza kung'oa, dada yake mkubwa akasimama. “Wenzio wanaleta, wewe unabomoa? Jua liwachome wakwe?”

“Namuwazia mama mdogo, dada. Bila mabomba haya siwezi kupanda mnara, asikie tangazo.”

“Si upande tu, kama wanaume wenzio!”

Neno lile lilimchoma, akalimeza, akaendelea kung'oa. Turubai likawalalia watu vichwani. Mjomba akadaka pembe yake, akaguna tusi, akakumbuka alipo, akaligeuza kuwa sala.

Kule mnarani, mabomba yakaingia. Koleo akabadilisha nyaya zote. “Mbovu ni mmoja tu!” meneja akalia. Koleo akamwonyesha wa pili: ulikuwa umeliwa pale unapopita kwenye kapi, gurudumu la kuuvutia, mahali pasipoonekana kutoka chini.

Mnara ukasimama, antena ikarudi mahali pake, jua likizama. Tangazo likasomwa, mama mdogo akalisikia, lakini basi la mwisho lilikuwa limeondoka. Alifika kesho yake baada ya maziko, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi.

“Ungepanda, angewahi,” dada akasema mbele ya watu.

“Mungu amenipa mama mmoja, dada, na mikono miwili. Mama amemchukua mwenyewe. Mikono nisimtupie kabla hajaidai.”

Koleo akamshika mama mdogo mkono, akamwongoza kaburini, na huko ndiko alikolia.