Kwa Nini Spika za Mzee Salumu Zilikuwa Ghali

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Ilikuwa siku ya soko Kasulu, miaka ya sabini, nami nikamuuliza Mzee Salumu mbele ya wateja wake kwa nini spika mbili tu ziwe na bei ya kundi la ng'ombe. Nilikuwa nimeolewa karibuni, na mdomo wangu ulikuwa mwepesi. Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo, maana hatukwenda pale kununua kitu.

Baba yangu alitoka Burundi akiwa kijana, akalima kijijini kwetu Heru Juu mpaka uzee ukamkuta. Jioni alipiga inanga, ule ubao mrefu uliochongwa kama sinia na kufungwa nyuzi. Hakuimba kwa sauti. Alinong'ona, ndivyo nyimbo zile zinavyoimbwa, na ukitaka kumsikia ilikubidi umsogelee. Mwalimu mmoja rafiki yake alikuja na kinasa sauti kizuri, akamrekodi kwenye kaseti. Mvua zilizofuata, baba akafariki.

Mama hakulia. Majirani walimsifu kwa ujasiri. Sisi wa nyumbani tulimwona anavyosukuma sahani pembeni na kukaa bila neno. Kaka yangu Gervas akaazima redio ndogo ya kaseti, akidhani atamfariji. Tukasikia mkwaruzo tu, kama nzi ndani ya kopo. Mama akainuka.

"Zima. Huyo si baba yenu."

Basi Gervas akasema kama haitakiwi, atarekodi dansi juu yake, maana kaseti zilikuwa adimu. Nilimpokonya, nikaifunga kwenye pindo la khanga, na siku ya soko nikambembeleza mama tushuke mjini.

Mzee Salumu alikuwa muuza vitambaa, mtu wa Tanga, aliyependa taarabu kuliko chakula. Spika zake zilikuja kwa treni hadi Kigoma, kisha kwa lori, zikiwa zimezungushiwa magodoro. Watu walimcheka. Nami, badala ya kuomba msaada kwa adabu, nikaanza na lile swali langu.

"Binti," akasema, "gonga kisanduku hicho cha spika, hapo mlangoni pa sebule."

Nikagonga. Ilikuwa kama kugonga gogo.

"Mbao nene hizo, ili kisanduku kisitetemeke kikaongeza sauti yake mwenyewe. Ndani mna sumaku nzito. Spika kubwa kwa sauti nene, ndogo kwa sauti nyembamba, na fundi amekaa akizisikiliza mpaka zikapatana. Zisipopatana, anafungua, anaanza upya. Kazi hiyo haina haraka, na wanunuzi ni wachache, kwa hiyo kila mmoja anabeba sehemu kubwa ya gharama. Hapo sijataja meli, ushuru wala treni."

"Lakini redio ya kaka inasikika mpaka kwa jirani," nikasema.

"Kelele ni rahisi, binti yangu. Kazi ipo kwenye mnong'ono. Wewe umehukumu bei kabla hujasikiliza. Haya, karibuni ndani, mkae."

Tukaingia sebuleni, nyuma ya duka. Nikafungua pindo la khanga, nikampa kaseti ya baba. Akaunga waya kwenye betri ya lori, akaiweka kwenye mashine yake, akafunga dirisha la upande wa soko.

Kwanza tulisikia pumzi. Kisha kidole kikigusa uzi, na kikohozi kidogo ambacho kile kiredio hakikuwahi kutupa. Halafu baba, pale pale katikati ya chumba, akasema taratibu: "Sogea karibu, Mama Gervas. Nisiimbe peke yangu."

Mama alisogeza kiti chake. Akaitika, "Nipo." Ndipo machozi yakamtoka, ya miezi yote ile, na Mzee Salumu akatoka kwenda dukani kupima vitambaa ambavyo hakuna aliyeviomba.

Jioni ile mama alikula ugali wake wote. Gervas alipoambiwa, aliinamisha kichwa, na kaseti haikuguswa tena. Mpaka mama naye alipotutoka, siku za soko alipita kwa Mzee Salumu, akasikiliza, akarudi nyumbani akizungumza njiani kama zamani. Ah, ile njia ya Heru Juu baada ya mvua! Ningelipa chochote kuipita tena naye.

Sasa unanisikia, mwanangu. Ukiona kitu ghali, usicheke upesi wala usinunue upesi. Uliza kwanza ni kazi gani imeingia humo, na kitakutendea nini ambacho cha bei nafuu hakiwezi. Kama ni cha kujionyesha tu, kiache dukani. Kama fundi ametoa subira yake ndani yake, mlipe kwa moyo mweupe. Na kazi ya mikono yako mwenyewe, ifanye hivyo hivyo, hata pale ambapo hakuna atakayeona. Zaidi ya yote, wasogelee wazee wako wangali wanazungumza.

Mungu akupe masikio yenye utulivu, akujalie nyumba yenye sauti za uwapendao, na siku zako ziwe nyingi na njema. Amina.