Chai ya Jirani

Chai usipoichuma inakuwa mti. Wanaoinywa hawajui hilo, wanadhani Mungu aliiumba fupi vile. Iache miaka miwili tu, uone kama hutatafuta ngazi.

Ndiyo maana fujo za uchaguzi zilipomfukuza jirani yetu, mama yangu alibeba kikapu akavuka mpaka wa mashamba yetu. Jirani alikuwa mzee aliyetoka upande wa Kisii zamani, akanunua shamba hapa kwetu karibu na Kimulot kwa jasho lake. Nyumba yake ilichomwa na watu tuliokuwa tunasali nao. Mama hakuweza kuuzima huo moto, lakini chai angeweza kuichuma.

Alichuma, akamwaga. Kila wiki, majani mawili na chipukizi kwa kila tawi, anayatupa chini ya mimea ile ile. Kuyapeleka kituo cha kununulia chai kwa namba yake mwenyewe ya mkulima, alisema, ni wizi. Vijana walimtukana kwamba anamfanyia adui kibarua. Akawajibu, "Mtanichapa, lakini akirudi atakuta chai yake, si msitu."

Mimi nilikuwa mtu mzima, na mke, na namba yangu kituoni. Nilimwona mama mjinga. Barabara zimefungwa, unga hakuna, na yeye anamwaga chakula. Halafu ng'ambo ya mto, lile shamba kubwa la chai la kampuni ya kigeni halikuguswa hata jani. Askari walililinda usiku na mchana. Uhuru wetu ulikuwa wa kuchomeana vibanda sisi kwa sisi. Nikasema hata mimi nitakula. Mama akirudi nyumbani, napita nyuma yake na gunia, naokota. Karani wa kituo alipima kwa namba yangu bila kuuliza.

Baada ya miaka miwili mzee alirudi, na kokwet, baraza la wazee wa kijiji, likakaa kutupatanisha. Pasta aliomba, chifu akasema amani imerudi. Mzee alitazama chai yake iliyolingana vizuri, akamgeukia mama.

"Mama, chai haijichumi. Mmekula."

Mama aliapa kwamba yeye hakuuza hata jani. Akanitazama. "Waambie, mwanangu."

Nikasimama. "Ni kweli. Mama hakuuza hata jani."

Sikudanganya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mzee alitikisa kichwa, na mwezi huo huo akamuuzia shamba tajiri mmoja wa Bomet. Tajiri aling'oa chai yote akapanda miti ya mbao. Wala hatukumwona mzee tena. Mama hakuvuka mpaka ule tena, na kanisani watu walianza kumwita mwizi, kwanza kwa utani.

Siku hizi kiwanda kinatuambia nchi zinazokunywa chai yetu ziko vitani, eti tuvumilie. Kuna siku lori haliji kabisa, na ninamwaga majani yangu chini ya mimea. Nikiinama kuyamwaga, mgongo wangu ni mgongo wa mama. Watu wanasema tuna amani. Sijui ni amani gani, kama hata mtu mmoja mwema hatukuweza kumwamini.

Wiki aliyokufa, mama alinishika mkono. Nilifikiri anataka maji.

"Niliona majani hayapo chini," akasema. "Siku ile ya kokwet nilikungoja useme."