Kifuniko cha Sufuria ya Sombe

Juzi wakwe wa binti yangu walikuja kututembelea hapa Rumonge. Sombe, majani ya muhogo, ikiwa jikoni inachemka, binti akanyoosha mkono achukue kifuniko, nami nikampigia kelele kama niliyeona nyoka. Akashtuka. "Mama, si ni sombe tu?"

Kweli, ni sombe tu. Kaa kidogo nikueleze. Shule yangu iliishia la sita, kwa hiyo ukiona nazunguka, nivumilie.

Bibi aliyenilea alikuwa na sombe ya wageni. Ile ya kila siku tulikula na ugali, basi. Ya wageni ilitwangwa mpaka mikono ikafa ganzi, ikapikwa na bilinganya, kitunguu na samaki wadogo wa ndagala wakavu waliosagwa, kisha mawese mwishoni, mpaka ikawa nzito na kung'aa. Ilipelekwa ya moto katikati ya sinia, vipande vya muhogo wa kukaanga vikiizunguka, wageni wachovye huku wakingoja samaki. Sheria ilikuwa moja: maji ya kwanza yachemke wazi. "Weye, usifunike! Acha uchungu utoke na mvuke."

Mawese yalitoka kwa jirani, mama mmoja aliyekaa chini karibu na ziwa. Alichemsha ngazi, matunda ya mchikichi, nyuma ya nyumba, viganja vyake vyekundu mwaka mzima. Nikitumwa kwake na chupa, alinipa ngazi chache za moto nitafune njiani.

Siku watu wa Kizuka walipokuja kumposa shangazi yangu, nilikuwa na miaka tisa hivi. Bibi alikwenda kuoga, akaniachia sufuria. Nikafunika. Nilitaka kuandika kwamba nilizuia majivu yasiingie, na majivu yalikuwapo kweli, lakini sababu si hiyo. Nilitaka iive upesi nikavae gauni langu jipya. Niliposikia kandambili za bibi, nikafunua, nikaficha kifuniko nyuma ya kuni.

Wageni wakachovya. Mzee mmoja wa upande wa bwana arusi akatafuna, akacheka. "Ee mama, sombe hii iko chungu! Mumetupikia dawa ya minyoo?"

Wote wakacheka isipokuwa bibi. Akaonja, uso ukambadilika. "Ni mawese," akasema. "Yule mama wa chini ametuaibisha."

Mimi nilikuwa nimeshika birika, nawanawisha watu mikono. Nikaendelea kumimina maji. Shangazi alilia nyuma ya pazia, ingawa lazima niseme posa haikuharibika; aliolewa, akazaa. Hasara yote ilimwendea mtu mwingine.

Asubuhi yake jirani akaja kusaidia kuosha vyombo, kama walivyozoeana. "Amahoro, mama," akasalimia. Bibi hakuitikia vizuri.

"Mawese yako yalikuwa yameharibika."

"Mawese yangu? Nimeyakamua juzi tu!"

"Basi ulimi wa wageni ndio umeharibika," bibi akasema, akaingia ndani.

Jirani alichovya kidole katika sombe iliyobaki, akaonja. Akatafuta huku na huku, akakiona kifuniko nyuma ya kuni. Upande wa ndani povu la kijani lilikuwa limekauka. Akanitazama. Nikatazama miguu yangu. Nilidhani atamwita bibi. Akachukua majivu, akakisugua mpaka kikawa cheupe, akakitundika kwenye msumari.

"Nenda kacheze, mutoto," akasema.

Bibi hakunituma tena kwake. Wanawake wa mtaa nao walisikia, wakaanza kupita mlangoni pake na chupa tupu, wakienda kwa mkamuaji mwingine kule njia ya Minago. Huenda hata kama ningesema, bibi asingegeuza neno lake, alikuwa mgumu. Huenda pia majani yenyewe yalikuwa yamekomaa mno. Sijui. Ninachojua ni kwamba sikusema, na bibi alikufa akiamini ni mawese.

Siku hizi ziwa limepanda. Nyumba ya jirani yule haipo, mafiga yake yako chini ya maji, na wavuvi wanafunga mitumbwi kwenye kisiki cha mchikichi wake. Mmoja aliniambia yule mama alihamia kwa ndugu zake Bugarama. Mwingine akasema alishakufa. Siandiki nisichokijua.

Basi juzi mmoja wa wakwe alichovya, akafumba macho. "Murakoze, asante mama! Mawese haya umetoa wapi?"

Nikaweka sahani chini, nikawaeleza yote, kifuniko, gauni, majivu. Nikasema, mawese yale yalikuwa mazuri. Wakacheka. "Ulikuwa mutoto tu," mkwe akasema, akachovya tena.

Walinisamehe upesi. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa mlangoni kama mama yule, akitazama chupa tupu zikipita.