Biskuti Isiyo na Mistari

Leo naanza kwa kukiri, wasomaji wangu, maana nikichelewa nitapata kisingizio. Kwa miaka saba, kila Krismasi, nimekuwa nikila biskuti isiyokuwa yangu. Sikuiba. Niliichukua peupe, mwenye nyumba akinitazama, nikaitupia mdomoni huku nikijigamba kwamba namfichia aibu yake. Kumbe ilikuwa imewekewa mtu mwingine, mtu ambaye hayupo. Hilo nimelijua mwaka huu, mwenye nyumba mwenyewe akiwa ameshazikwa, na tangu siku hiyo harufu ya siagi ikinipitia puani nageuka kuangalia nani amesimama nyuma yangu.

Habari ya msiba ililetwa na jirani yetu wa upande wa kushoto, nesi Mkenya anayefanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa St Marys, Sydney, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akizungusha neno. Nilikuwa uani naanika nguo, nimejifunga msuli. Nyumbani kwetu mama wa nyumba ni mimi: mke wangu anakwenda shifti, nami na mgongo wangu ulioharibikia kwenye ghala la Port Botany tunabaki kupika, kufagia na kubishana na redio. Nesi akanyoosha shingo juu ya uzio. "Mama wa biskuti ametuacha. Alilala kwa kiti mchana, hakuamka. Vaa shati twende." Nilivaa shati. Nililivaa nje ndani, nikalilia nalo msibani vivyo hivyo mpaka jioni, na sikuona aliyecheka, ndipo nikajua kwamba msiba huu ni mzito.

Marehemu alikaa uzio wa pili, upande wa kulia. Alikuwa mtu wa Bukavu. Usichana wake wote aliumaliza kwenye jiko la masista wa Kifaransa, na hapa Sydney alikunja mashuka kwenye nyumba moja kubwa ya dobi mpaka magoti yakamkatalia. Kanisani alimfanya mke wangu dada yake tangu wiki ya kwanza, mimi nikawa shemeji bila kuulizwa. Kila Desemba, Jumamosi ya kwanza, alioka biskuti za masista, zile wanazoziita sable, yaani mchanga, kwa sababu siagi inafikichwa kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka vyote viwe kama mchanga mkavu. Baadaye kiini cha yai, sukari, chumvi kidogo. Unga ukishashikana anausukuma, anaukata kwa kikopo chenye kingo za mawimbi, anapaka kiini juu, kisha anachukua uma na kuchora mistari: mitatu hivi, mitatu hivi, kama wavu.

Desemba ya hapa ni tanuri, kwa hiyo alianza kabla jua halijapanda. Nami, harufu ikinifikia, nilivuka kwa mlango wa nyuma kwenda "kumsaidia". Msaada wangu ulikuwa kukaa karibu na feni, kunywa chai na kula zilizovunjika. Ilikuwepo kazi moja tu aliyonipa, nami niliifanya nikilalamika. "Shemeji, toa ile sombe ku frigo, weka hii." Natoa kwenye friji mfuko wa sombe, majani ya muhogo aliyoyagandisha kwa ajili ya sikukuu, natia donge la unga mahali pake, narudi kwenye kiti. Aliniangalia akatikisa kichwa. "Ee shemeji! Weye mukono yako inajua tu njia ya mudomo."

Sasa basi. Kwenye kila trei ya mwisho ilikuwepo biskuti moja isiyochorwa. Kipara kitupu, pembeni kabisa. Mwaka wa kwanza nilipoiona nilifurahi kama mwalimu aliyekamata kosa. "Mama, hii umeisahau!" nikaitia kinywani. Aliushusha uma, halafu akacheka mpaka akafuta macho. Nikadhani nimechekesha. Mwaka wa pili ikawepo tena, nikaila tena, nikamwambia uzee umeanza. Akacheka tena. Mambo yakawa hivyo mpaka mwaka wa saba. Mimi ni mtu wa kidato cha nne, mtihani wa hesabu nilifaulu kwa kuchungulia, lakini kosa linalorudi mahali palepale miaka saba hata mimi ningepaswa kulishtukia.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba hii niliamka na harufu ya siagi. Niliketi kitandani. Mke wangu alikuwa kazini. Nyumba ya marehemu ilikuwa imefungwa, mapazia yameshushwa, na bado nikasikia trei ikigongwa ukingoni mwa sinki, mara mbili, kama alivyokuwa akigonga yeye. Nitawaambia ukweli: nilijifunika shuka kichwani. Nilisoma sala nusu, nyingine nikaisahau. Halafu harufu ikageuka kuwa ya kuungua, nikapumua, maana marehemu hakuwahi kuunguza kitu maishani mwake.

Alikuwa binti yake. Ameolewa anakaa Fairfield, na ufunguo wa nyumba ilikuwa aurudishe kwa aliyempangisha mama yake kabla ya Krismasi. Nilimkuta amesimama mbele ya trei, biskuti zote zimeyeyuka zikaungana kuwa dimbwi moja jeusi kingoni. Kiswahili chake ni cha kusikia, akijibu anajibu Kiingereza, lakini asubuhi ile alijikaza. "Anko, wewe ulikaa hapa kila mwaka. Mimi nilikuwa kazini. Mama hakuandika. Nisaidie, nikitoka hapa leo nimezipoteza." Jamani, niliwahi kuaibika, lakini si hivyo. Miaka saba nimekaa hatua mbili kutoka kwenye mikono ile, na nilichokariri ni ladha. Vipimo sikuvijua. Moto sikuujua. Nilifungua mdomo kumwambia ukweli, macho yakaangukia kwenye friji, na mguu wangu ukaenda wenyewe. Nikafungua sehemu ya barafu. Mfuko wa sombe ulikuwepo. Mmoja, wa mwisho, alioutwanga na kuufunga mwenyewe kwa fundo lake la masikio ya sungura.

"Unga lazima ulale kwenye baridi kwanza," nikasema. "Hapa. Kazi hii ilikuwa yangu." Nikautoa ule mfuko, nikabaki nimeushika mpaka vidole vikaniuma, binti naye akaweka kiganja juu yake.

Tukaanza upya. Akafikicha, nikaonja, nikasema chumvi, akaongeza. Kumbe hata ulimi una kumbukumbu zake. Unga ukalala, ukatoka mgumu, ukakatika vizuri. Akachora mistari akiwa ameuma mdomo. Alipofika ya mwisho akashusha uma, akaiacha.

"Hii umeisahau," nikasema, kwa mazoea.

"Hapana, Anko. Hii ni ya mama mdogo."

Ndipo akanieleza, Kiingereza kingi na Kiswahili cha kubahatisha. Kule jikoni kwa masista walikuwa wawili, marehemu na mdogo wake. Marehemu alikanda, mdogo akachora; uma ulikuwa wake, hakuruhusu mtu kuugusa. Walipokimbia vita, kwenye njia panda, mdogo akakumbuka kwamba ameacha mlango wazi, akarudi kuufunga. Mpaka leo. Hakuna kaburi, hakuna barua. Basi dada mtu alijifunza kuchora kwa mkono wake mbaya, na moja ya mwisho akamwachia mdogo wake aje aimalizie. Nikamuuliza kwa nini mama yake hakunikataza. "Alisema ikibaki mpaka jioni, analia siku tatu. Ulipoichukua, ilikuwa kama mtu ameingia. Alikuwa anakusubiri uingie."

Nimelifikiria hili wiki nzima, nikiosha vyombo. Sisi tuliokusanyika mji huu, kila nyumba ina biskuti yake isiyochorwa: namba ya simu isiyofutwa, sahani ya ziada inayotolewa kabatini na kurudishwa. Hatuwaambii watoto, kwa sababu tuna shifti, na kwa sababu habari hizo hazina mwisho wa kusimulia. Tunawaachia Kiingereza na friji iliyojaa. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliushika upande wa mgeni njoo, na sikuwahi kuinua macho kwenye sahani yangu niulize mwenyeji anaumwa nini. Aliyekualika jikoni kwake hakukuita kwa ajili ya tumbo lako peke yake. Mwangalie mikono. Muulize, hata swali la kijinga, maana la kijinga ndilo nililoshindwa kuuliza: mama, hii moja kwa nini?

Asubuhi ile tuliweka trei mezani, biskuti zimechanua rangi ya dhahabu, na ile moja tupu pembeni. Binti akanitazama. Nikatazama feni. Kwa mara ya kwanza mkono wangu ulisahau njia ya mdomo. Yule nesi akaingia kwa mlango wa nyuma, bado na sare ya kazi, kaifuata harufu. Binti akamweleza kisa chote, yeye akijimiminia chai. Alisikiliza hadi mwisho, akatazama biskuti, akanitazama mimi, akanisukumia sahani.

"Wewe kula. Miaka saba umekula bila kuulizwa na mama akacheka, leo ndio unataka kumwachia binti yake kilio? Kula, bana, chai inapoa."