Agnetha na Ndoo Iliyopigwa Teke

Agnetha Zablon huongoza wageni kwenye njia ya zamani ya misafara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Mwaka jana kazi hiyo nusura imponyoke kwa sababu ya ndoo.

Alizaliwa kijijini Kigwa, na sasa anaishi Cheyo, mjini. Kiingereza cha shule kilimtosha kueleza habari za wapagazi na pembe za ndovu. Kilichomtisha ni misemo ya wageni: mvua ya paka na mbwa, au kumtakia mtu heri kwa kumwambia avunjike mguu. Akaikariri pamoja na maana zake. Maana alizijua sawasawa, na hilo ndilo lililomponza.

Akiwa bado kwenye majaribio, mama mmoja Mskoti alisimama mbele ya makaburi ya wapagazi akasema mumewe angepapenda hapa, ila amefariki. Agnetha alimshika mkono, kwa huruma kabisa, akamwambia kwa Kiingereza: pole, kumbe mzee ameipiga ndoo teke. Ndivyo Waingereza wanavyosema mtu akifa. Mama yule aliutoa mkono wake, akarudi garini.

Levina, meneja wake, alipopata habari hakufoka.

"Nakupa safari moja zaidi, Agnetha. Nitakuwemo. Ukirudia, tunaachana."

Adinani, dereva wao, ni Mzaramo, mtani wa Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Hakumwonea huruma.

"Mnyamwezi wewe! Mume wa watu keshazikwa, unamzika tena?"

"Niache, Mzaramo. Maana si ni ileile?"

"Ni ileile, ila ule ni msemo wa utani. Haya, kwenye msiba wa baba yako mdogo nililala kaburini, nikagoma kutoka mpaka nipewe jogoo. Ulifanya nini?"

"Nilicheka. Hata mama mdogo alicheka."

"Angelala Levina, asiye mtani wenu, je?"

"Tungemtoa kwa fimbo."

Adinani akawasha gari.

Tangu hapo Agnetha hakutosheka na maana. Kila msemo aliupima kama mambo ya msibani: nani anaruhusiwa kumwambia nani? Wageni walipoongea wao kwa wao pale ofisini, wakingoja magari, alimtazama msemaji, kisha akamtazama aliyeambiwa, aone kama amecheka.

Siku ya safari aliyopewa walikuja walimu wastaafu kutoka Uingereza. Levina alikaa kiti cha nyuma. Walipofika kwenye makaburi yaleyale, mwalimu mmoja alisema, huku akitabasamu, kwamba alikuwa aje na kaka yake, lakini kaka ameipiga ndoo teke wakati wa Krismasi.

Levina aliinamisha uso.

"Pole sana kwa kuondokewa na kaka yako," alisema Agnetha.

"Umeelewa nilichosema?"

"Nimeelewa. Ila utani huo ni wako, wewe ndiye mfiwa. Nikiusema mimi, nimekutukana. Kwetu, mwenye ruhusa hiyo ni dereva huyu."

Akawasimulia habari za kaburi na jogoo. Walimu walicheka, na aliyefiwa akacheka kuliko wote, akijifuta macho.

"Nami nataka kuwa mtani wako," alisema.

"Kwanza jogoo."

Levina hakungoja warudi ofisini. Palepale alitoa kwenye mkoba fulana ya kampuni, yenye neno Mwongozaji mgongoni, akamkabidhi Agnetha. Adinani alipiga honi mpaka mjini, akiwatangazia wapita njia kupitia dirisha kwamba Mnyamwezi hatimaye amejifunza kuzika.