Nilivyokuwa namwongezea mabao mtoto wa bosi wangu Dubai, mpaka siku alipojua

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimepita kule jukwaa la michezo nikakuta mnararuana kuhusu yule dogo winga. Wengine mnasema aachwe afunge tu, kipaji kisiguswe. Wengine mnasema afundishwe kurudi nyuma kukaba angali mdogo. Kurasa kumi na moja, nusu yake matusi.

Nimeona niandike huku pembeni. Mimi ni mwanamke, mpira siujui kihivyo, ila jambo hilohilo liliwahi kunikuta na mpaka leo linaniuma.

Chumvi sitaongeza. Sehemu mbaya ya hii story nimeifanya mwenyewe, sasa nidanganye ili iweje?

Iko hivi.

Miaka ya 2015, 2016 nilikuwa Dubai, nafanya kazi za ndani kwa baba mmoja wa Kikanada, ghorofa la ishirini na kitu, mtaa wa JLT. Binti yangu nilikuwa nimemwacha Tanga kwa mama yangu, akiwa darasa la tatu.

Sir alikuwa injinia. Wiki tatu yuko nje kikazi, wiki moja yuko nyumbani, na hiyo moja yenyewe yuko kwenye laptop. Madam walishaachana, amerudi kwao.

Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili: mimi na mtoto wao Nora, miaka kumi na tatu.

Niseme ukweli, nilikuwa mpweke mpaka nikawa naongea na mashine ya kufulia. Unamaliza kazi saa nne asubuhi, unasimama dirishani unaangalia magari huko chini, hakuna hata mmoja unayemjua. Wiki inaisha hujasikia mtu akikuita kwa jina lako vizuri. Mimi ni Zuhura, pale nilikuwa Zu.

Sasa huyu Nora alikuwa anacheza hockey ya barafu.

Msicheke. Dubai hiyohiyo. Nje jua linachoma mpaka kandambili inalainika, ndani ya mall kuna uwanja wa barafu na watoto wanateleza.

Kwa wasioujua: ni kama mpira wa magongo, ila wanavaa viatu vyenye chuma chini. Badala ya mpira kuna kisahani cheusi kigumu, wanakiita puck. Wachezaji watano na kipa. Wanagongana kweli, mimi siku ya kwanza nilifumba macho.

Kila Ijumaa asubuhi nilikuwa nampeleka. Tunapanda teksi na begi lake kubwa kuliko mimi, yeye anaingia kuvaa, mimi napanda jukwaani juu kabisa. Wazazi wengine wanakaa chini pamoja na kahawa zao, wanacheka. Mimi nimevaa koti kuukuu la Sir, kanga nimejifunga ndani kwa baridi, nimekaa peke yangu.

Aliyekuwa ananisemesha ni mlinzi mmoja wa Uganda, Moses. Ndiye aliyenifundisha sheria za mchezo.

Nora alikuwa hatari. Akiipata puck mbele, kipa wa watu anaanza kuomba dua. Mabao mawili, matatu kila mechi. Lakini timu yake ikipoteza puck, yeye anasimama tu kulekule mbele, mkono kiunoni, anasubiri wenzake waihangaikie wamletee tena.

Sir alikuwa na utaratibu wake. Mechi ikiisha tu, popote alipo duniani, anatuma meseji kwangu. Neno moja: "Goals?"

Mimi najibu namba. Basi.

Siku moja akiwa mezani aliniambia kwa nini. Kumbe na yeye alicheza ujanani, alikuwa mfungaji wa kutegemewa mji wao mzima. Alipofika miaka kumi na sita kocha akamwambia aanze kukaba. Mabao yakakauka, waliokuwa wanakuja kumwangalia wakaacha kuja, na miaka miwili mbele akaacha mchezo kabisa.

"Zu," akasema, "nilikuwa na kitu kimoja tu. Wakakichukua, wakanipa kazi za watu wengine. Kwa mwanangu haitatokea."

Nilimwelewa. Nawaambia mapema ili msimwone mbaya.

Basi, akaja kocha mpya. Mwanamama wa Kifini, mfupi, sauti kama mwalimu wa zamu. Wiki ya kwanza tu akamwambia Nora: ukipoteza puck, wewe ndiye wa kwanza kurudi. Usiporudi, benchi.

Nora hakurudi. Akawekwa benchi.

Kwenye teksi alilia mpaka dereva akanipa tissue. Nilimchukia yule kocha, wakuu. Mtoto anakufungia mabao unataka nini tena?

Ijumaa iliyofuata kocha akapanda jukwaani kunifuata mimi, maana mzazi wa Nora hakuwepo. Akanisemesha kama vile mimi ndiye mwenye mtoto.

"Kufunga anajua, na si mimi niliyemfundisha," akasema. "Lakini ikipotea anasimama kama mtu anayesubiri lifti. Sasa hivi bado ananisikiliza. Akiwa na miaka kumi na saba hatamsikiliza mtu, na hakuna timu itakayombeba."

Nikasema, "Yes madam."

Ikaenda hivyo mwezi mzima. Nora ananuna, anarudi nyuma kwa kujivuta, akifika mbele amechoka, hafungi. Meseji zangu kwa Sir zikawa sifuri, moja, sifuri.

Sir akapiga simu. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lilinitisha. "Mwisho wa mwezi kukiwa hivi, namtoa hapo. Khalas, imekwisha."

Sasa wakuu, nisikilizeni hapa.

Akimtoa, Ijumaa zangu zimekwisha. Lile jukwaa la baridi ndilo lilikuwa matembezi yangu pekee. Na mtoto mwenyewe alikuwa ameanza kubadilika, nilikuwa namwona. Siku zile alikuwa anarudi nyuma bila kuitwa.

Mechi iliyofuata walicheza na timu yenye binti mmoja mrefu, mikono kama ya mtu mzima. Nora alimganda. Yule binti akigeuka, Nora huyu hapa. Mara mbili huyo binti alibaki yeye na kipa wetu tu, na mara zote mbili Nora alitoka mbali kabisa, akamfikia, akamchomolea puck kwa gongo bila kumwangusha.

Ile ya pili nilipiga kigelegele.

Uwanja mzima uligeuka. Wazungu walidhani kuna mtu kaumia. Moses kule mlangoni alikuwa amejishika mbavu. "Maama, mtoto yako leo amekimbiza watu kama polisi!"

Na Nora aliangalia juu. Kofia ngumu kichwani, waya usoni, lakini niliona anacheka.

Tukiwa kwenye teksi simu ikalia. "Goals?"

Nora hakuwa amefunga hata moja.

Nikaiangalia ile meseji. Nikajiambia, huyu mtoto ameokoa mabao mawili ya wazi. Bao lisiloingia kwetu na bao linaloingia kwao, tofauti yake nini? Si hesabu ileile?

Nikaandika: "2 goals Sir. She is very good."

Akajibu kwa dole gumba na maneno, "That's my girl."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila Ijumaa nahesabu hatari alizookoa naziita mabao. Akiokoa moja naandika moja. Akiokoa tatu naandika tatu. Sikuwahi kuongeza ya uongo juu ya hesabu yangu, na kwa ujinga wangu niliona huo ni uaminifu.

Sir akawa anampigia Nora kumpongeza. "Zu ameniambia, umecheza vizuri sana. Endelea hivyohivyo."

Nora akikata simu anakuja jikoni anarukaruka. "Zu, baba ameelewa! Baba anapenda ninavyocheza sasa!"

Nilitakiwa niseme palepale. Niligeuza maandazi kwenye karai, nikamwambia, "Nimefurahi."

Jamani.

Zikapita Ijumaa tano. Ya sita Sir alikuwa Dubai, safari hii akafunga laptop, akasema leo nakuja mwenyewe. Nilitamani teksi ipate pancha, kumbe hata teksi haipo, tunakwenda na gari lake.

Alikaa chini na wazazi wenzake. Mimi juu mahali pangu.

Nora alicheza mechi ya maisha yake. Alikimbia kwenda, alikimbia kurudi, alilala kwenye barafu kuzuia shuti. Kila akiokoa anageuka kumtafuta baba yake kwa macho.

Bao hakufunga.

Mwisho wa mechi nikamwona Sir anaongea na kocha, anaonyesha vidole. Nilijua anahesabu nini. Kocha akatikisa kichwa, akaonyesha kidole kimoja. Kimoja, kwa mechi zote hizo tano. Sir akageuka akaniangalia kule juu. Tulivyoangaliana sitasahau.

Kwenye gari, tuko Sheikh Zayed Road, Nora akauliza, "Baba, umeniona?"

Sir akasema taratibu, "Zu aliniambia umefunga mabao tisa."

Nora akacheka kwanza, akadhani ni utani. Halafu akaniomba simu yangu. Nilimpa, ningefanyaje. Akapandisha meseji moja baada ya nyingine, Ijumaa zote tano, anasoma kimya.

"Kwa hiyo baba alikuwa anapongeza mabao," akasema.

Sir akaongeza mwendo.

Kisha Nora akanigeukia mimi kiti cha nyuma. Hakulia. Bora angelia.

"Zu, wewe ulikuwepo. Uliona nilichofanya, mpaka ulipiga ile kelele yako. Kwa nini hukumwandikia hicho?"

Nilijaribu kueleza, kwamba baba yako angekutoa, kwamba nilikuwa nahesabu ulizookoa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ulinionea aibu," akasema. Akanirudishia simu.

Wallahi sikumwonea aibu hata siku moja. Lakini nilipojaribu kulisema hilo, halikutoka.

Mtasema nilifukuzwa. Hapana. Tulipofika parking, Sir alizima gari akakaa tu, mikono kwenye usukani. Kisha akamwambia mwanawe, "Nimekuona leo. Mimi nilipoambiwa nifanye hivyo sikuweza. Wewe umeweza." Nora akajifuta uso na mkono wa jezi, wakapanda wote wawili. Mimi nikabaki nikitoa begi.

Habari ya kumtoa timuni ikaishia hapo. Sir akapanga upya safari zake, akawa anakuja Ijumaa mbili kila mwezi, anakaa mpaka mwisho. Na miezi michache mbele mabao ya Nora yalianza kurudi yenyewe, maana sasa puck alikuwa anaichukua mwenyewe nyuma anakwenda nayo. Kocha alikuwa sahihi kwa asilimia zote.

Mimi ndiye niliyepoteza.

Ijumaa iliyofuata tulipofika mlangoni, Nora aliniambia kwa adabu kabisa, "Zu, si lazima uingie. Unaweza kusubiri huku nje."

Nikasubiri nje. Kuna benchi mbele ya duka la manukato, nilikaa hapo Ijumaa baada ya Ijumaa mpaka mkataba ulipoisha. Moses akipata mapumziko anatoka ananieleza mtoto amechezaje. Kelele za ndani nazisikia, ila za kitu gani sijui.

Siku ya kuondoka Nora alinikumbatia vizuri, akaniambia asante kwa kila kitu. Kama unavyomuaga mwalimu wa tuisheni.

Nikahamia kazi ya usafi hotelini, mtaa wa Al Mankhool, Dubai hiyohiyo. Ijumaa moja nikiwa off nikapiga simu Tanga, mama akampa binti yangu.

"Shikamoo mama. Matokeo bado hayajatoka."

Hata marahaba sijaitikia.

Nikamwambia, "Sijapigia matokeo, mwanangu."

"Sasa umepigia nini?"

Wakuu, nilikaa kwenye ngazi za nyumba ya watu nikalia. Miaka yote ile nikipiga simu nauliza umekuwa wa ngapi, akishanijibu namwambia mpe bibi simu. Namlaumu Sir, kumbe Sir na mimi ni kitu kimoja, yeye ana ndege tu.

Haya, kwenye mjadala wenu. Jibu langu: dogo asukumwe akabe, tena mapema, wala msimwonee huruma. Ila Sir naye hakuwa na wazimu. Kukaba hakuandikwi popote, hakuna anayekutumia meseji kuuliza ulirudi nyuma mara ngapi. Ukimpa mtoto kazi hiyo, basi uwepo wa kumwona akiifanya, na umwambie umeona nini hasa, bila kukigeuza kuwa kitu kingine.

Nawaachia uwanja. Mnaolea kwa simu kama mimi, mkipiga mnawauliza nini watoto? Naomba mniandikie, nauliza kwa nia njema. Mimi siku ile nilikwama, nikaishia kumuuliza amekula nini. Akaniambia wali maharage. Tukabaki tunasikilizana tunavyopumua, mpaka salio likakata.