Kadi ya Wifi wa Mtongwe

Jumatatu tarehe 3 Agosti 2020, Zuleikha Nassor wa Mtopanga, Kisauni, aliuza kadi yake ya kwanza. Aliyeinunua alikuwa jirani yake Dhahabu, ambaye hakuwa na harusi wala hitima. Alikuwa na huruma tu. Ilikuwa miezi ya korona. Shule ya chekechea alikokuwa akifundisha Zuleikha ilikuwa imefungwa, naye alikuwa ameanza kupaka karatasi rangi kwa vitu vya jikoni ili mikono isikae bure. Dhahabu aliitia kadi ile nyuma ya kioo cha kabati la vyombo, na wageni wake wakaanza kuuliza imetoka wapi.

Shule ilifunguliwa zamani. Zuleikha hakurudi.

Anachouza hasa si kadi. Maneno huchapishwa dukani Bombolulu, kwa mashine, na yanafanana na maneno ya kadi zote duniani. Anachouza yeye ni kile kilicho nyuma ya maneno, ambacho hukiita mji, kama mji wa leso, ile sehemu ya kati inayozungukwa na pindo. Mji wa kadi hupikwa. Chai ya rangi iliyochemshwa hadi ikawa nyeusi hutoa kahawia ya karatasi kuukuu. Manjano hutoa rangi ya dhahabu, na yakiguswa na magadi hugeuka mekundu kama tofali. Bluu ya kufulia ni bahari au mbingu, kutegemea mteja anataka nini. Chumvi ikinyunyizwa kabla rangi haijakauka hunyonya maji na kuacha madoa kama mawingu. Karatasi ya boflo, ile ya nailoni inayofunga mkate, ikifinyangwa na kubandikwa juu ya rangi mbichi huacha mishipa kama ya marumaru. Bamia ikikatwa kwa upana ni muhuri wa ua. Dodoki ni wavu. Mswaki mkuukuu ni mvua.

Mumewe, Rashad Boga, mlinzi katika yadi moja ya makontena Changamwe, amejifunza kunusa kikombe kabla ya kunywa. Bamia zikifika kutoka Kongowea, huuliza kwanza kama ni za kula au za harusi. Kwa kawaida ni za harusi.

Hapa hapana budi kueleza kadi ina kazi gani upande huu wa Mombasa. Jamaa haalikwi kwa kadi. Jamaa huendewa: mwenye harusi hupiga hodi, huketi, hunywa alichopewa, huuliza hali za wote hadi wa mwisho, ndipo akaitamka siku. Kadi ni ya bosi wa kazini, mwenye nyumba, mwalimu wa mtoto, mpangaji aliyehamia juzi kutoka bara. Kwa ufupi, ni ya mtu ambaye asipotokea hakuna atakayeuliza. Zuleikha anaijua kanuni hii kuliko mtu yeyote Kisauni, kwa kuwa riziki yake yote hutoka kwa watu wasiongojewa. Mteja akitaka kadi nyingi kupita kiasi, humkalisha. "Mwanangu, mama yako mkubwa usimpe karatasi," humwambia. "Mwendee." Ushauri huo umemkosesha kazi mara kadhaa, na bado huutoa.

Kosa lake, basi, haliwezi kutiwa katika fungu la kutojua.

Rashad ana dada mkubwa, Mwanatatu, anayeishi Mtongwe, Likoni, katika shamba la mihogo na minazi aliloachiwa na baba yao. Kwa akina Boga wa Mtongwe, shangazi mkubwa ndiye mwenye neno katika harusi ya binti. Yeye humvisha bibi harusi ushungi, humshika mkono na kumtoa ndani. Bila mkono huo, binti hatoki. Mwanatatu amewatoa mabinti wote wa ukoo, na hakuna aliyewahi kumwona ana haraka.

Miaka mitatu iliyopita alikuja Mtopanga siku ya Idd, akakuta karatasi zimeanikwa kwenye kamba ya nguo, za kahawia na za njano, zikichuruzika.

"Wifi, hongera," alisema kabla hajavua viatu. "Mbona hamkutwambia kama umejifungua?"

"Nimejifungua nini, wifi?"

"Si naona nepi."

Rashad alicheka, jambo ambalo mpaka leo halijasamehewa. Mawifi wana ruhusa ya kutaniana hivyo, na Zuleikha alijibu papo hapo kwamba mtoto amefanana na shangazi yake. Lakini tangu siku hiyo sifa za Kisauni nzima hazikumtosha. Wateja walisifu, Dhahabu alisifu, bibi mmoja wa Nyali aliagiza kadi akazitia kwenye fremu badala ya kuzituma. Zuleikha alishukuru wote kwa adabu. Aliyemtaka asifu alikuwa mmoja, naye alikuwa upande wa pili wa maji akipalilia mihogo.

Mwaka huu Sumeya, binti wa kwanza wa Zuleikha, alipata mchumba, na harusi ikawekwa Jumamosi ya kwanza ya Februari, kabla Ramadhani haijaingia. Zuleikha akaona mlango umefunguka. Kadi ya wifi aliianza kabla ya zote. Chai aliipaka mikono mitatu, akiacha kila mkono ukauke kivulini ili karatasi isikunjamane. Juu yake alipitisha manjano kwa dodoki, kidogo sana, hivi kwamba dhahabu ilionekana tu kadi ikiinamishwa kwenye mwanga. Maua ya bamia aliyapiga kwa bluu, akichagua bamia changa kwa sababu kubwa huacha nyuzi. Pindo alilitoa kwa lesi ya pazia la chumbani, ambalo sasa lina tundu. Mbili za kwanza alizitupa. Ya tatu aliisimamisha juu ya friji na kuiangalia kila alipopita, na alipita mara nyingi.

Kisha akampa Nzai, mwendesha boda wa stejini, aivushe Likoni pamoja na nyingine za akina Boga wa Mtongwe.

Alijiambia kwamba hana nafasi, na ni kweli mwenye harusi hana nafasi. Lakini sababu nyingine alikuwa nayo. Angeipeleka mwenyewe, wifi angetia mzaha kabla ya kuitazama, na yeye angelazimika kucheka. Kadi ikifika peke yake haitakuwa na wa kutaniwa. Itabidi itazamwe.

Nzai alirudi jioni.

"Aliipokea?" Zuleikha akauliza.

"Aliipokea kwa mikono miwili. Akaniuliza, 'Wewe ndiwe mwenye harusi?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia la, mama, mimi ni wa boda. Akanitolea kiti, akaniletea madafu. Akanishukuru sana kwa kumwendea." Nzai alifikiri kidogo. "Mama yule ana ukarimu."

Siku mbili zikapita bila salamu kutoka Mtongwe, na ya tatu Rashad akampigia dada yake simu. Aliporudi jikoni alimkuta mkewe akikata bamia.

"Anasema kadi ni nzuri," Rashad alisema.

Kisu kikasimama. "Amesema hivyo?"

"Nzuri sana, anasema. Anasema mmealika vizuri, kama watu wa mjini. Akijaaliwa kupata nafasi atakuja. Asipopata, tumsamehe, wageni huwa na udhuru."

"Wageni?"

"Ndivyo alivyosema."

"Wewe ni ndugu yake, mwambie mimi ni mtu mwenye kazi."

"Nimemwambia. Akasema hata Nzai ni mtu mwenye kazi, na alikuja."

Sumeya, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akipakwa hina ya majaribio na rafiki yake, alisikia yote. Hakuinua sauti. "Mama," alisema, "mimi sitoki kwa mkono wa mtu mwingine. Nitakaa ndani mpaka shangazi aje, na bwana harusi atangoja na watu wake." Akageuza kiganja upande wa pili. Ni binti mpole, na watu waliomlea wanajua upole wake ukifika hapo huwa haurudi nyuma.

Leo asubuhi, siku tano kabla ya harusi, Zuleikha alifika Mtongwe mikono mitupu, akapiga hodi.

"Karibu," ilijibu sauti ya ndani.

"Starehe, wifi. Shikamoo."

"Marahaba. Pita, pita ukae hapa."

Hapa palikuwa sebuleni, kwenye kochi lililovikwa vitambaa. Katika miaka ishirini na mitatu ya uwifi Zuleikha hakuwahi kuketi pale. Kikao chao kilikuwa jikoni, juu ya kigoda, na mara nyingi mwenyeji alimpa vitunguu amenye. Sasa aliletewa kaimati katika sahani ya maua na kikombe chenye kisahani chake. Mwanatatu aliketi mbali, mikono mapajani, akamuuliza hali za safari kama mtu aliyetoka Lamu. Alikuwa mkarimu kupita kiasi. Zuleikha alielewa kwamba anachapwa.

Kadi ilikuwa ukutani, imebandikwa karibu na dirisha, mahali ambapo jua la asubuhi liliifikia. Rangi ya dhahabu ilikuwa ikionekana. Si kila mtu angejua kuiweka pale.

"Wanawake wa mtaa wote wameiona," Mwanatatu alisema. "Wananiuliza maua yale ni ya chapa gani. Mimi sina la kuwajibu, sijui."

"Ni bamia, wifi."

"Bamia?"

"Unaikata kwa upana, unaichovya kwenye bluu, unaibandika. Iwe changa tu."

Mwanatatu alinyanyuka, akaisogelea kadi, akaitazama kwa muda. "Kumbe bamia," alisema. "Na hii ya kumeta?"

"Manjano."

"Wallahi, ni nzuri." Alisema hivyo bila mzaha wowote. Zuleikha, aliyeingoja sentensi hiyo miaka mitatu, aliirudisha kaimati sahanini.

"Wifi, nimekuja kukuendea," akasema. "Sumeya anaolewa Jumamosi. Nimekuja nikwambie kwa mdomo wangu uje umtoe."

"Mbona ametangulia mtu wa pikipiki?"

"Nilikosea."

"Hujui wewe? Wewe mzaliwa wa mji wa kale wa Jomvu Kuu, ufundishwe na sisi wa mashamba?"

"Najua. Nilitaka uione kadi."

"Ningeiona mkononi mwako," Mwanatatu alisema. "Kwani ungekuja nayo ningefumba macho?"

Wifi yake akaichukua ile sahani ya kaimati na kikombe chenye kisahani, akaelekea navyo nyuma ya nyumba.

"Njoo huku jikoni," alisema. "Mimi kwenye kochi hilo huumwa mgongo."

Jikoni alimsukumia kigoda na bakuli la vitunguu. Walimenya. Walipofika nusu, Mwanatatu akauliza, "Huku Mtongwe umempelekea nani mwingine pikipiki?"

"Wote."

"Wote, yaani nyumba zote za akina Boga?"

"Zote, wifi."

"Na ami yetu Mwinyihaji?"

"Naye."

Mwanatatu aliweka kisu chini. "Mwinyihaji haoni, Zuleikha. Ana miaka haoni. Jana nilimkuta ameishika kadi yako anaipapasa, ananiuliza mbona inanuka chai."

Zuleikha alijitahidi asicheke. Alitazama vitunguu, alitazama mlango. Mwanatatu ndiye aliyeanza kucheka, na alipoanza hakuna aliyeweza kuendelea na kazi kwa muda.

"Nitakuja," Mwanatatu alisema, akijifuta macho kwa ncha ya leso. "Nitamtoa mwanangu. Lakini sitakaa mbele ya watu walioalikwa na pikipiki. Tutazunguka mimi na wewe, kila nyumba. Mimi nitapiga hodi, wewe utasema."

"Kwa miguu?"

"Kwani kadi zilikwenda kwa miguu? Wewe utakwenda kwa miguu."

Usiku huu Zuleikha atalala Mtongwe. Rashad ameshaambiwa, na ameombwa azime moto chini ya sufuria ya chai na asiinywe. Kesho, baada ya sala ya alasiri, mawifi hawa wawili wataanza kuziendea nyumba za akina Boga, na ya kwanza ni ya Mwinyihaji.